Sekunde Moja Nukta Nne

Jumamosi, 10 Januari 2026

Kaka Sharif amekuja na mota. Tatu, nzito kama mawe ya kusagia, kila moja na kontrola yake, na waya zimefungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni. Zilikuwa za mashine ya CNC ya Bwana Boga kule Ukunda, ile inayochonga milango kwa kompyuta. Bwana Boga amepata mashine mpya. Alimwambia Sharif, chukua hizi za zamani, umenitumikia vizuri.

Sharif ni mtoto wa mama mkubwa Zainabu wa Bodo, lakini anakaa kwetu Msambweni tangu alipomaliza chuo cha ufundi. Ana miaka ishirini na miwili. Ndiye mtu mmoja ninayeweza kuzungumza naye bila kutazama chini.

Aliniuliza: wewe si ndiye uliyesema mwili hudanganyika? Mwaka jana nilimsomea kitabu cha maktaba. Ukikaa gizani na kiti kikaegemezwa nyuma polepole, mwili unasema, nakwenda mbio. Hata kama hujasogea hata hatua. Kumbe hakusahau.

Basi tutajenga kiti kinachokwenda kama ndege. Ndege ndogo, kama zile zinazoelekea kutua Ukunda. Unashika fimbo, unatazama skrini, na kiti kinainama vile unavyoinama angani. Mimi sijawahi kupanda ndege. Gari tu hunitapisha. Kwenda Likoni nabeba kikopo.

Mwalimu Karisa wa fizikia amekubali tuingie nacho maonyesho ya sayansi. Lazima washiriki wawe wanafunzi wawili. Fundi wa nje anaruhusiwa kuchomelea vyuma, lakini wazo na hesabu viwe vyetu. Mimi na rafiki yangu Twaiba. Twaiba atakuwa msemaji, na mimi nitaandika programu.

Programu — mimi!


Jumapili, 18 Januari

Kiti chenyewe ni cha gari, Probox iliyogongwa. Sharif amekichomelea juu ya fremu, mota mbili chini na moja nyuma, ndani ya banda lililo nyuma ya nyumba. Leo tumewasha mara ya kwanza. Mimi nikiwa nimekaa.

Kikaenda chenyewe. Mbele, upande, kikazunguka, kikarudi katikati, kikazunguka tena. Nikashika mikono ya kiti na kusoma kila dua ninayoijua. Mara nane! Kisha kikaanza kutetemeka kidogo kidogo ukingoni, tiki tiki tiki.

Sharif alikuwa amesahau kutoa kadi ya kumbukumbu kwenye kontrola. Mle ndani mlikuwa na kazi ya mwisho ya Bwana Boga. Kiti kilikuwa kinachonga mlango na mimi ndiye patasi. Ua la petali nane, na pembeni nakshi ya mnyororo.

Twaiba alicheka mpaka akakaa chini. Mama akachungulia, akauliza mwanawe anafanywa nini. Sharif akamwambia, anachongwa ua, mama mdogo, bado fremu.

Nimejifunza jambo. Kontrola ina njia mbili za kupokea amri. Ikiwa na kadi, inafuata kilichoandikwa, haimjui aliyekaa. Ikiwa na waya wa kompyuta, inasikia kila amri inapotoka. Sisi ni wa waya.


Jumamosi, 24 Januari

Nimetapika. Ndoo ya kufulia.

Programu inafanya kazi. Nikigeuza fimbo kushoto, kiti kinakwenda kushoto. Lakini kinachelewa. Skrini imeshageuka, macho yameshageuka, kiti bado kiko kwenye mawazo yake ya zamani. Nimepima kwa video ya simu mara kumi. Wastani: sekunde moja nukta nne.

Mashine ya kuchonga haina haraka. Inapokea amri, inazipanga foleni, ndipo inazitimiza moja moja kwa uzuri. Mlango hauoni kizunguzungu ukicheleweshwa. Tumbo langu linaona.

Twaiba amekataa kukaa. Alisema yeye kazi yake ni mdomo, si tumbo.


Jumamosi, 31 Januari

Nimeandika upya mara tatu. Nimepunguza amri, nimezifupisha, nimetuma chache. Moja nukta nne. Moja nukta nne. Moja nukta tano!

Sharif alinikuta naliambia laptopu maneno mabaya. Aliifunga ile laptopu taratibu. Alisema, niachie mimi sasa, haya ni mambo ya kontrola, hesabu yako ni safi.

Hesabu yangu ni safi. Nimelirudia neno hilo njia nzima nilipotumwa dukani, nikanunua chumvi badala ya sukari.


Alhamisi, 5 Februari

Kimekubali.

Nilitoka shule, Sharif alikuwa mlangoni mwa banda na mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Alisema, panda rubani. Twaiba alikuwepo tayari. Dirisha limezibwa kwa leso, kuwe giza.

Masharti ni machache. Njia ni moja tu, kutoka baharini mpaka uwanja wa Ukunda, kwa sababu kontrola bado ni changa na itachanganyikiwa. Sharif anabonyeza kitufe cha sanduku la kontrola na kuanza kuhesabu. Tano, geuza kushoto kidogo. Kumi na mbili, nyoosha. Ukiona minazi, vuta taratibu.

Mara ya kwanza nilikosea. Kiti kiliinama kabla sijageuza. Sharif akasema, wewe ndiye umechelewa, jirekebishe. Mara ya pili afadhali. Mara ya tatu nilitua. Nilisikia magurudumu yakigusa ardhi — kishindo kidogo mgongoni, kisha breki zikanisukuma kwenye mkanda. Sikutapika. Nililia kidogo, lakini kulikuwa giza.

Nikataka kupima kwa simu. Sharif alisema ameshapima asubuhi nikiwa shule, akanipa karatasi. Namba kumi. Sufuri nukta sufuri tano, sufuri nukta sufuri sita, hivyo hivyo. Nimechora grafu kwa wino, ukurasa wa nne wa ripoti yetu. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii.


Ijumaa, 13 Februari

Wa kwanza kanda nzima!

Majaji walisimama pembeni, mimi nikarusha. Twaiba alisema bila karatasi, mkono kiunoni: mabibi na mabwana, kiti chetu humjibu rubani papo hapo. Makofi. Jaji mmoja alitaka kujaribu fimbo, Twaiba akamwambia kwa heshima kwamba rubani wetu ana mazoezi ya wiki nzima, tusije tukamwangusha mgeni baharini. Wakacheka. Nami nilicheka.

Tulitia sahihi fomu: kazi hii ni yetu na matokeo yake ni ya kweli. Nilifanya mazoezi ya ile sahihi kwanza nyuma ya daftari.

Kulikuwa na mtu anaitwa Lewis, wa Nairobi, anafungua ukumbi wa michezo ya kompyuta Galu karibu na mahoteli. Alimwambia Sharif, msee, hii kitu ni moto, nataka kama nne hivi. Walizungumza nje muda mrefu. Sharif alirudi akitembea kama aliyepimwa kanzu mpya. Tukishinda Kwale, Lewis atampa kazi, fundi mkuu. Si kibarua tena. Kanishika kichwa akasema, yote haya ni wewe, Ummu.

Maonyesho ya kaunti, kule Kwale, ni tarehe 26. Itakuwa Ramadhani. Mama amesema dua ya aliyefunga hairudi.


Jumapili, 22 Februari

Nitaandika kwa mpango, nisije nikadhani baadaye nimeota.

Sharif alikwenda Bodo kumwona mama yake. Baada ya swala ya alasiri niliingia banda peke yangu. Nilitaka kutua mara tano bila yeye kunihesabia. Nikabonyeza kitufe mwenyewe, nikapanda, nikashika fimbo.

Moja, mbili, tatu. Skrini ikaganda. Laptopu hii ni kuukuu, huganda. Bahari ikasimama, minazi ikasimama kwa mbali. Nikaondoa mkono kwenye fimbo, nikangoja kiti nacho kisimame.

Kikainama kushoto. Kwenye tano.

Kwenye kumi na mbili kikanyooka. Kikainua pua. Kikatua. Kishindo kidogo mgongoni. Breki. Mkanda ukanibana kifuani. Na kwenye skrini ndege ilikuwa bado iko juu ya bahari.

Nilikaa. Kuku waliingia wakatoka.

Kisha niliizima laptopu kabisa. Nikabonyeza kitufe. Kikatua. Nikashuka, nikabonyeza tena, kikatua hakina mtu. Kiti kitupu kinapiga breki. Ningekuwa Twaiba ningecheka.

Nikafuata waya wangu kutoka kwenye laptopu mpaka sandukuni. Unaingia vizuri, umebanwa vizuri. Ndani umekatwa. Ncha imefungwa utepe mweusi, imekunjwa kando. Na kwenye kontrola kuna kadi. Faili moja, tarehe 4 Februari.

Si kiti kilichokuwa kikinifuata. Mimi ndiye niliyekuwa nakifuata kiti. "Wewe ndiye umechelewa, jirekebishe." Nikajirekebisha. Wiki mbili na nusu nimejirekebisha kwa kadi.

Namba kumi za grafu. Hakuna aliyepima kitu. Sharif alikaa mahali akaziandika tu, hii tano, hii sita, zisifanane sana. Nami nikachukua wino.

Alirudi kabla ya magharibi na samaki wawili, changu, kwenye kikapu. Nilimwambia skrini iliganda na kiti kikatua. Hakuuliza nina maana gani. Alitazama kikapu. Alisema: nilitaka ufurahi, Ummu. Ulikuwa unatapika kila siku. Nilisema, na majaji nao walikuwa wanatapika? Alisema baada ya Kwale tutatengeneza kile cha kweli, mimi na wewe, wallahi.

Nikamwambia asiape.

Adhana ikaita. Mama akatuita kwenye futari. Sharif alikaa mbele yangu, akala. Akaniomba nimsogezee kaimati. Nikamsogezea.


Jumatatu, 23 Februari

Nilimngoja Twaiba kwenye mabomba ya maji shuleni. Nilidhani nitampa habari. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kumwambia asije akazirai.

Alisema, kwani wewe ndiyo umejua leo?

Alijua tangu ile Alhamisi. Tangu kabla sijapanda. Nikamuuliza kwa nini, sisi tumekaa dawati moja tangu darasa la pili. Akanawa mikono polepole. Alisema: Sharif ndiye aliyetaka usiambiwe. Wewe hujui kudanganya, uso wako ungetuumbua mbele za watu. Lakini ukiamini mwenyewe, kila mtu ataamini. Na waliamini, Ummu. Walikuwa wanakutazama wewe, si kiti.

Halafu akasema, usinune basi, tuko kwenye mfungo.

Mota tatu, na ya nne ni mimi.


Jumanne, 24 Februari

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja shuka ile ile mara mbili.

Alisema: mstiri ndugu yako. Mama mkubwa ameshawaambia watu wote Bodo kwamba mwanawe amepata kazi Galu. Ukimvua nguo Kwale, umenivua mimi na dada yangu. Mambo ya nyumbani yana njia zake. Baada ya Idi tutakaa naye, baba yako atamsema.

Nilisema fomu ina jina langu, si la Sharif. Nilitia sahihi kwamba ni kweli. Na Alhamisi nitakuwa nimefunga, nitasimama mbele ya watu nao watauliza.

Akasema, watamuuliza Twaiba, wewe nyamaza tu. Kunyamaza si uongo.

Nikamuuliza, na mimi nilisitiriwa na nani?

Aliinua rundo la nguo akaliweka kabatini, na alipopita alinigusa bega. Alisema, wewe mdogo, yatapita. Mama hajawahi kuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha.


Jumatano, 25 Februari

Nilikwenda mlangoni mwa ofisi ya walimu mara mbili. Mara ya pili Mwalimu Karisa aliniona. Alisema, Ummulkheir, ingia, nini? Nikasema, shikamoo mwalimu. Akasema marahaba. Nikasimama. Akanipa kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye jina langu, akasema kesho saa kumi na mbili kamili basi la shule linaondoka, na shule haijawahi kufika kaunti kwa sayansi tangu aanze kufundisha hapa. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikasema ahsante mwalimu. Nikatoka.

Mchana Sharif alikuwa Ukunda kutafuta pikapu ya kubebea kiti. Nilifungua sanduku. Nilitoa utepe mweusi nikaunga waya wangu, rangi kwa rangi, nne. Nikajiunguza kidole kwa chuma cha kulehemu. Nikatoa kadi. Nikapanda.

Moja nukta nne. Hakijabadilika chochote. Kushoto — kimya — ndipo kushoto. Tumbo likapanda mpaka kooni. Nilifumba macho nikashikilia. Ukitapika bila kukusudia funga haivunjiki, lakini mtu aliyekaa kwenye kiti hiki akijua, hakukusudia kweli? Nikashuka kabla halijawa swali.

Ni kibaya. Kinachelewa, kinatia kichefuchefu. Lakini nilipogeuza fimbo kulia nje ya njia, kule ambako Sharif alinikataza, kilikwenda kulia. Kilichelewa, lakini kilikwenda kwa sababu mimi nilikwenda.

Kadi nimeirudisha mahali pake, waya nimeuacha umeungwa chini ya utepe. Nimeandika ukurasa wa nne mwingine, wenye namba zangu za tarehe 24 Januari. Sasa nina kurasa mbili za nne kwenye mkoba.

Sharif amerudi na pikapu. Aliniletea kalamu mpya, ya bluu. Alisema, ya kutilia sahihi ukishinda. Alikuwa hajanitazama usoni tangu Jumapili, lakini leo alinitazama, akatabasamu. Amedhani nimekubali. Labda Mama alimwambia.


Alhamisi, 26 Februari

Kwale. Ukumbi umejaa, ni joto, mapangaboi hayasaidii. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya meza yetu, namba 31. Majaji wako meza ya 28, kuna mtu na mashine ya kukuna nazi, kelele tupu.

Kwanza, alichosema Sharif alfajiri tulipokuwa tunapakia. Alisema: Lewis anakuja. Nikipata hii, Ummu, nakununulia laptopu isiyoganda. Hakuomba msamaha. Alidhani shida yangu ni laptopu.

Pili, kamba. Wameweka kamba, na hapa ndani ni wanafunzi tu. Mafundi, walimu na wageni wako upande wa pili. Sharif aliunganisha umeme saa tatu, akatolewa. Hawezi kuvuka.

Tatu. Saa saba kasoro Twaiba alikwenda kuswali. Nikabaki na kiti. Nilifungua sanduku kama vile nafuta vumbi. Nimetoa kadi. Nimeukagua waya, bado umeungwa. Ukurasa wa nne nimeubadilisha kwenye ripoti iliyoko mezani. Nilifanya yote bila haraka, hilo ndilo limenitisha.

Twaiba amerudi, hajui. Anamwambia kijana wa meza ya 30 kwamba kiti chetu hujibu papo hapo. Amepaka wanja, amependeza. Akisema neno lile mbele ya jaji, kisha kiti kikangoja — moja nukta nne — ataumbuka yeye, mdomo wazi. Niliwaza kumwonya. Nikawaza kwamba nikimwonya atamwita Sharif kwa macho, na Sharif atamwita Mwalimu Karisa, na watu wazima watapanga la kufanya. Kwa hiyo sijamwambia. Nimemnyamazia vile vile alivyoninyamazia.

Kunyamaza si uongo, alisema Mama. Mama atapata habari kabla ya futari.

Sharif yuko kwenye kamba. Lewis yuko kando yake na miwani ya jua kichwani. Nimeinua macho tukaonana. Ameniinulia kidole gumba. Amevaa shati alilovaa kwenye mahafali yake, na uso wake — naujua uso huo. Ni wangu, wa tarehe kumi na tatu. Uso wa mtu anayeamini kila kitu kiko sawa kwa sababu amemwamini aliyekishika.

Nilidhani nitafurahi kuuona.

Bado ningeweza kuirudisha kadi. Iko ndani ya soksi yangu. Dakika moja tu.

Jaji mmoja amewaacha wenzake kwenye nazi amekuja peke yake. Ni mwanamke mtu mzima, miwani, buibui jeusi. Ameitazama ripoti, amefungua ukurasa wa nne, ametulia nao. Twaiba ameshaweka mkono kiunoni. Lakini jaji amesema hataki maelezo kwanza, anataka kurusha yeye mwenyewe. Amevua viatu, ameviweka pamoja vizuri. Amepanda. Amefunga mkanda. Ameshika fimbo.

Ameniuliza mimi, si Twaiba, kama kiko tayari. Kadi inabaki kwenye soksi. Nimemwomba anisubiri nimalize mstari huu.